Mzee wa kabila muache apumzike

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi kiongozi katika kituo cha afya cha mwambao wa Ziwa Victoria, huku Buchosa, mkoani Mwanza. Mwaka huu tumepokea watumishi wapya saba, karibu wote wageni wa kanda hii: Kilimanjaro, Mbeya, Dar es Salaam. Mwezi uliopita aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye degedege. Nesi alipoandaa sindano, mama yake alimnyakua mtoto kitandani akatoka naye mbio. Tulimkuta getini, na hapo nesi akamwambia mbele ya watu kwamba ana roho ya kuua. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, ameniagiza niandae mafunzo ya nusu siku kuhusu mila na desturi za wagonjwa wetu. Amependekeza nimwalike mzee wa Kisukuma aje kutufundisha. Daktari mmoja kijana anasema ni kupoteza muda, sayansi haina kabila. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Hukusema mtoto aliishia wapi. Natumaini mlimrudisha ndani. Kama hamkumrudisha, siku ya semina usilifiche hilo.

Nianze na huyo mzee wa Kisukuma. Muache apumzike. Kwanza, hapo ulipo ni Uzinza. Wenyeji wa Buchosa ni Wazinza, Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao na majembe yao. Ukivuka kwenda visiwa vya Kome au Maisome unakuta Wajita, Wakerewe, Wakara, Wahaya, na vijana ambao ukiwauliza kabila wanakujibu "mvuvi". Mzee mmoja atawasemea wote hao kwa saa mbili? Na hata wangekuwa Wasukuma watupu, Msukuma wa Kwimba mwenye zizi la ng'ombe na Msukuma aliyezaliwa Igogo mjini, anayeuza vocha, hawafanani kwa lolote litakalomsaidia nesi wako saa nane za usiku.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kufanya kosa hilo mimi mwenyewe. Miaka ya nyuma, nikiwa mkufunzi kijana, niliandaa semina katika wilaya moja ya mkoa huu nikamleta mzee. Alizungumza vizuri sana. Watumishi waliandika madaftari yakajaa: Wasukuma hivi, Wasukuma vile. Wiki chache baadaye nilipita leba ya kituo kile jioni, nikamkuta nesi wa zamu anakunywa chai, na mama wa uzazi wa kwanza amelala kitanda cha tatu, kimya, macho yako kwenye dari. Nikauliza amepimwa saa ngapi. "Bado mama, huyu ni Msukuma, hawa wavumilivu. Mzee si alituambia?" Nilipovaa glovu, nywele za mtoto zilikuwa zinaonekana. Nesi yule hakuwa mvivu. Alikuwa anatumia somo langu.

Ukidhani ni mambo ya kwetu tu, mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliwauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari wazungu walio mafunzoni kuhusu miili ya watu weusi. Nusu yao walikubali angalau jambo moja la uongo, kwa mfano kwamba ngozi ya mtu mweusi ni nene kuliko ya mzungu, na wenye imani hizo ndio waliokadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo. Hiyo ndiyo hatari ya kufundisha watu kwa mafungu. Sentensi ya "watu hawa huwa hivi" ikishaingia kichwani mwa mhudumu aliyechoka, inachukua nafasi ya kumpima mgonjwa.

Sasa turudi kwa mama aliyekimbia, maana hapo ndipo somo lako lilipo.

Nina hakika kwenye taarifa ya zamu mmeandika "imani potofu". Hebu tuifuate imani hiyo mpaka chimbuko lake. Degedege linajulikana nchi nzima. Watu wa pwani ya bahari wanasimulia habari za ndege ambaye kivuli chake kikimpita mtoto linamshika, na kuna wanaofukiza mavi ya tembo. Hayo yanatofautiana mahali na mahali. Lakini hili la kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, nimelisikia karibu kila nilipofanya kazi, Sengerema, Ukerewe, hata Mwanza mjini kwenyewe. Limetoka wapi?

Fikiria kisiwani, miaka thelathini iliyopita. Mtoto anaanza kukakamaa usiku, malaria imepanda kichwani. Hakuna boti usiku huo, ziwa limechafuka. Bibi anafanya anachokijua. Asubuhi wanatafuta mtumbwi, wanafika zahanati saa nne, mtoto amebakiza pumzi. Nesi anafanya alichofundishwa, anachoma sindano. Nusu saa baadaye mtoto amekata roho. Sisi tunajua ameuawa na malaria na ucheleweshaji. Lakini wewe ungekuwa umekaa kwenye benchi nje, na umeona hivyo mara tatu, ungehitimisha nini?

Kuna jambo la pili ambalo wauguzi wa rika lako hamkulishuhudia sana. Enzi za kwinini ya kuchoma kwenye nyama, sindano ikipigwa vibaya kwenye tako iligusa mshipa wa fahamu, na mguu wa mtoto ukapooza. Watoto wale wamekua. Wapo vijijini, wana wake na watoto, wanatembea wakiburuta mguu mmoja, na kila jirani anajua ni sindano ya hospitali iliyowafanya hivyo. Na ni kweli, tuliwafanya sisi.

Kwa hiyo mama yule alipoona bomba la sindano alikuwa na ushahidi wake kichwani. Ushahidi usiokamilika, sawa, lakini ulitokana na macho na kumbukumbu za kijiji chake, na sehemu yake tulichangia sisi. Hapo ndipo ninapotaka semina yako isimame: mengi tunayoyaita mila za wagonjwa ni majibu yao kwa mila zetu. Anaficha mitishamba kwa sababu mara ya mwisho alipotaja alifokewa. Anajifungulia nyumbani kwa sababu kitandani pale alilazwa chali kwa lazima, mkwe wake akafungiwa nje, na mtu akampiga kofi pajani akimwambia asukume.

Nesi wako angefanya nini siku ile? Na hili liseme kwa vitendo, chukua mdoli na diazepamu. Mtoto anayetetemeka hahitaji kuanza na sindano. Anahitaji kulazwa ubavu, njia ya hewa iwe wazi, asiwekewe kitu chochote mdomoni, apewe diazepamu kwa njia ya haja kubwa, apimwe sukari. Yote hayo mama anaweza kuyaona akiwa ameshika mkono wa mwanawe. Unamwambia kwa sauti ya kawaida: "Mama, kwanza tunamtuliza, dawa hii inaingia huku nyuma, haina sindano. Shika hapa." Mtoto akishatulia, ukampima malaria ukaikuta, ndipo unasema: "Sasa degedege limekatika. Kilichobaki ni malaria yenyewe, nayo ni kali, dawa yake ni ya sindano." Hujamdanganya, wala hujabishana naye kuhusu imani yake. Umempangia mambo kwa namna ambayo hofu yake haina pa kushika, na ni mpangilio uleule ambao kitabu cha tiba kinautaka. Kesho yake akitoka na mtoto hai mgongoni, ndiye atakayekufanyia elimu ya afya kisimani, bila posho.

Nikisema mila zetu, kaa na watumishi mzihesabu, maana samaki haoni maji. Kuna vituo nimevifahamu ambavyo mjamzito akija kliniki ya kwanza bila mume haandikishwi mpaka alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mume yuko ziwani wiki ya tatu, au hayupo kabisa. Barua ile inamgharimu mwanamke siku nzima na aibu, na kesho tunalalamika kwamba wanachelewa kuanza kliniki. Kuna mila ya kuita majina kwa sauti pamoja na ugonjwa, "wa kifua kikuu wote huku!" Kuna mila ya kumuuliza kila mwanamke "mama nani wewe?", swali la heshima kabisa mtaani, lakini kwenye benchi la wenye shida ya kupata mtoto ni kisu. Muite jina lake lililo kwenye kadi, basi.

Na kuna neno "mtoro". Hili nalipigia kelele kila ninapopewa nafasi. Mtu wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, asipokuja tarehe aliyopangiwa tunamuandika mtoro, kama mwanafunzi aliyekimbia shule. Sasa nenda mwaloni, wanakoshusha samaki, ukaulize dagaa wanavuliwaje. Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, wavuvi wanapumzika, wanarudi nyumbani, wanatengeneza nyavu, wanakunywa, wanaoa. Giza likianza wanapotea tena. Tarehe ya kliniki inapangwa kwa kalenda ya ukutani, maisha ya mvuvi yanapangwa kwa mwezi wa mbinguni, na kalenda hizo mbili haziendi pamoja. Nilimfahamu nesi mmoja wa CTC, binti wa Ukara, aliyekuwa amechora duara za mwezi kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda yake. Kabla ya kumpangia mtu tarehe alimuuliza, "Wewe wa dagaa au wa sangara?" Wa dagaa alimpangia siku za mbalamwezi. Aliyetulia na dawa zake alimpa za miezi mitatu au sita kwa kadiri mwongozo ulivyoruhusu. Hakuwa amehudhuria semina yoyote ya utamaduni. Baba yake alikuwa mvuvi.

Nikikutajia utamaduni mmoja wa kujifunza mwambao huu, basi ni huo wa mwezi kabla ya wa kabila.

Lugha sasa. Wafundishe wageni maneno matatu ya Kisukuma, si zaidi. "Mwangaluka" asubuhi, "mwadila" mchana, "wabeja" kushukuru. Wakikosea matamshi watachekwa, na kuchekwa na bibi kizee kwenye benchi ni mwanzo mzuri kuliko mwingi. Ila waonye kuhusu kitu kimoja. Huku kwetu salamu hujibiwa kwa neno la heri kwanza. Mgonjwa ana homa ya nyuzi arobaini, ukimuuliza "habari za nyumbani" atakwambia "nzuri", na kwa Kisukuma "mhola duhu", salama tu. Nesi mgeni anaweza kuandika "hana malalamiko". Mwingine anaogopa kupotezewa muda, anaruka salamu anakwenda moja kwa moja kwenye "una shida gani?", na mzee anajifunga kama konokono. Msalimie, pokea ile "nzuri" yake, nyamaza kidogo. Ugonjwa unakuja baada ya "ila".

Utani wa makabila nao waache kwa wenyewe. Utani una watu wake na siku zake. Mgonjwa aliyevua nguo hana nafasi ya kukujibu.

Majina, hilo naliongeza kwa sababu nalipenda. Jina la Kisukuma mara nyingi ni historia ya uzazi iliyoandikwa bure. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni aliyezaliwa baada ya mapacha. Kashinje alitanguliza miguu. Mjamzito akikwambia mtoto wake wa mwisho anaitwa Shija na kwenye kadi hakuna mapacha, uliza taratibu, huenda kuna watoto wawili waliofariki ambao hakutaka kuwataja. Sipendekezi mgeuze majina kuwa kipimo, siku hizi watu huitwa jina la babu tu bila sababu nyingine. Lakini ni mlango.

Tuje kwenye maswali, maana ndicho kitu pekee cha kufundisha kwa mazoezi. Mwaka 1978 daktari wa akili wa Marekani ambaye pia ni mwanaanthropolojia, Arthur Kleinman, pamoja na wenzake, walitoa maswali machache ya kumuuliza mgonjwa ili kujua yeye mwenyewe anauelewaje ugonjwa wake: unauitaje, unadhani umesababishwa na nini, unaogopa nini zaidi kuhusu huo ugonjwa. Maswali mazuri. Nilipoyajaribu kwa mara ya kwanza kwenye wodi, nikamuuliza mzee mmoja wa Nyehunge, "Unadhani ugonjwa wako umesababishwa na nini?" Alinitazama kwa huruma akasema, "Sasa mwanangu, ningejua ningekuja kwako?" Wodi nzima ikacheka.

Alikuwa sahihi. Kumuuliza mgonjwa wa kwetu maoni yake ana kwa ana ni kumpa mtihani, na pia ni kumtaka amshtaki mtu, maana chanzo cha ugonjwa mara nyingine kina jina la jirani au la mke mwenza. Nikabadilisha: "Nyumbani wanasemaje kuhusu ugonjwa huu?" Hapo mtu anafunguka. Wanaosema ni wao, yeye anakuletea habari tu. "Dada yangu anasema nimetupiwa kitu." "Mama mkwe anasema ni mchango." Wewe mwenyewe utasikia ndani yake ipi anaiamini.

Swali la mitishamba nalo lina namna. Ukiuliza "umekunywa dawa za kienyeji?" jibu ni hapana, milele. Sema hivi: "Wengi huanza na kitu nyumbani kabla ya kufika, si vibaya. Wewe mlianza na nini, nisije nikakupa dawa ikagongana nayo?" Kwa leba swali hili si la adabu tu, ni la uhai. Zipo dawa za mizizi za kuharakisha uchungu, na mama akiwa amekunywa moja ya hizo, halafu wewe ukamtundikia dripu ya uchungu juu yake, mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Ukiona uchungu unakwenda kwa kasi isiyoeleweka na mtu hajakwambia kitu, tafuta bibi aliyekuja naye, mkae pembeni. Yeye ndiye aliyechemsha. Na sheria yetu yenyewe ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili na waganga wake wanasajiliwa na baraza, kwa hiyo nesi anayesema "hapa hatutaki ushenzi" hana hata serikali nyuma yake.

Daktari wenu kijana usimnyamazishe, mpe kisa hiki. Mwanamke anakuja kutoka mwaloni, anauza dagaa, analalamika kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa na maumivu chini ya kitovu. Anaandikiwa dawa za magonjwa ya zinaa. Anarudi, anaandikiwa tena. Mara ya tatu kuna mtu anamwambia abadilishe tabia. Hakuna aliyemuuliza alikulia wapi. Alikulia Misungwi, utoto wake wote yumo kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya ng'ombe, ambako ndiko kichocho cha mkojo kilipo, tofauti na cha tumbo kinachotawala ziwani. Mayai ya kichocho hicho yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi miaka mingi na kuleta dalili hizohizo. Sayansi ilikuwepo. Kilichoizuia ni sentensi moja kichwani mwa daktari, "hawa wanawake wa mwaloni". Muulize, je, hapo nani alileta kabila?

Ila naye ana hoja mahali pamoja, na uikubali mbele ya watu. Mafunzo haya hayafanyi miujiza. Tafiti zilizopitiwa kwa pamoja huko nje zinaonyesha kwamba huongeza maarifa ya wahudumu na kubadilisha mtazamo wao. Ushahidi kwamba mgonjwa mwenyewe anapona zaidi ni mdogo. Ndiyo maana nimeachana na semina za kujaza madaftari. Marekani, mwaka 1998, madaktari wawili, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kwamba mhudumu hawezi kuhitimu utamaduni wa mtu mwingine. Anachoweza ni kubaki mnyenyekevu na kujichunguza kila siku. New Zealand, muuguzi wa Kimaori Irihapeti Ramsden alikwenda mbali zaidi. Alisema anayeamua kama huduma ilikuwa salama kwa utamaduni wa mgonjwa ni mgonjwa mwenyewe. Ukilifikiria hilo sawasawa, cheti cha kuhudhuria semina kinakosa maana. Cheti chako anacho yule mama wa getini.

Unyenyekevu una mpaka, na wageni wako wauone mpaka huo wazi, wasije wakadhani kila kitu ni cha kuheshimu. Mtoto kukatwa kimeo kwa wembe kwa sababu anakohoa, au kung'olewa "meno ya plastiki", yaani vijino vichanga vinavyodhaniwa kumuugua mtoto, kwenye fizi changa, hayo tunayakataa, kwa sauti ya upole lakini tunayakataa. Halafu kuna mambo mawili ya kanda hii ambayo mgeni kutoka mbali asipoambiwa anaweza kumsababishia mtu kifo kwa mzaha. Bibi mwenye macho mekundu. Amepika miaka hamsini kwenye moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, au ana trakoma, na katika vijiji vyetu vya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kisingizio cha macho hayo. Nesi akitania tu pale dirishani, "bibi macho haya vipi, usiku unakwenda wapi?", benchi zima limesikia, na bibi anarudi kijijini na maneno yale. Anachopaswa kusema, na aseme kwa sauti makusudi, ni: "Macho haya ni ya moshi, bibi, yana dawa." Hiyo ni tiba mbili kwa mpigo.

La pili ni mtoto mwenye ualbino kuzaliwa mikononi mwako. Kanda hii ndiyo iliyotikiswa zaidi na mauaji yale kuanzia mwaka 2007. Sekunde tatu za kwanza mama haangalii mtoto, anaangalia uso wa mkunga. Bibi anautazama pia. Ukishtuka, umeshasema. Mfanyishe kila mkunga wako zoezi la kusema, kwa uso uliotulia: "Hongera, una binti. Ana ualbino, ngozi yake itataka kukingwa na jua na macho yake tutayaangalia." Kisha ampe mama mtoto kifuani kama wengine wote.

Sasa nusu siku yako, muda wa saa nne hivi. Sikupi ratiba ya dakika, wewe unawajua watu wako.

Saa ya kwanza usifundishe. Wavue watumishi makoti, uwaambie waingie getini mmoja mmoja kama wagonjwa: wapite kwa mlinzi, mapokezi, wakae benchi, waende dirisha la dawa, watafute choo. Wasome vibao vyote vya ukutani. Nilipofanya hivi kituo kimoja tulihesabu vibao kumi na kimoja, kumi vilianza na "usi" au "marufuku".

Kisha lile igizo ninalolipenda kuliko yote. Tafuta katika watumishi wenu anayekijua Kisukuma au Kizinza cha ndani, mara nyingi ni mlinzi au dada wa usafi. Mvalishe koti jeupe, mkalishe kiti cha daktari. Daktari wenu kijana awe mgonjwa, avue viatu. Dada amhoji kwa lugha yake, haraka, bila kumtazama, huku anaandika. Kisha amuonyeshe kwa kidole alale kitandani. Mara ya mwisho nilipofanya hivi, daktari mmoja mrefu, mcheshi, alianza kwa kucheka. Dakika ya pili alikuwa ameshika kingo za kitanda. Dada wa usafi alipomaliza aliinuka, akavua koti akalikunja vizuri, akasema kwa Kiswahili, "Ndivyo mnavyotufanyiaga." Hakuna mzee wa kabila angelisema vile.

Baada ya chai walete wageni watatu: mwanamke aliyejifungulia kwenu na mwingine aliyekataa kujifungulia kwenu, na mvuvi mmoja. Walipe nauli na muda wao kama mnavyolipana posho nyie. Wasisimame mbele kuhutubia, wakae katikati ya watumishi, na watumishi ndio waulize. Kanuni moja tu: ruhusa kuuliza, marufuku kujitetea. Utaona ugumu wake mwenyewe. Yule mama wa getini usimlete. Mtembelee nyumbani baadaye, wewe na yule nesi, bila sare na bila kamera.

Muda uliobaki, mazoezi ya yale maswali mawili, wawili wawili, na mdoli wa degedege. Mganga mfawidhi akitaka taarifa, mwambie miezi mitatu ijayo utahesabu wangapi wameondoka bila kutibiwa, wangapi wamekataa rufaa na kwa sababu gani waliyoitaja, na kina mama wangapi waliingia leba na mtu wao. Hilo la mwisho Shirika la Afya Duniani limelipendekeza, na kama chumba chenu ni kimoja hata pazia la kitenge linaanzisha.

Kuhusu tarehe, angalia mwezi kwanza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wa dagaa wako nchi kavu na kituo chenu kitafurika, semina itakufa saa tatu. Panga siku za giza, katikati ya juma, isiwe siku ya gulio. Mvuvi wako basi mtafute wa sangara, maana wa dagaa atakuwa ziwani. Na kwenye hesabu ya chai na vitumbua muandike mlinzi na dada wa usafi kabla hujaandika mtu mwingine yeyote, kwa sababu siku hiyo wao ndio wakufunzi.